Maswali ya Wasomaji: Maandishi ya Siri na Makosa Yanayoyafichua

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: maandishi ya siri, watu wanaoyafumbua, na vifaa tunavyovishika kila siku ambavyo ndani yake mna mafumbo ya namna hiyo hiyo. Nimechagua sita. Nimeanza na ya kijana wa Tanga, kwa sababu atakayeifuatilia hatua kwa hatua, kalamu mkononi, ataielewa vizuri zaidi ile ya Mombasa inayofuata.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tatu hapa Tanga. Rafiki yangu aliniachia karatasi kwenye dawati ikiwa na mstari huu: RPAHIB JOHRV RPRV RDH TDHSPTB DH OPZHIHAP BZPZLTL UH TAB. Nimejaribu kuusoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, nimejaribu kuruka herufi moja moja, sijaambulia kitu, naye amekataa kunipa ufunguo. Je, inawezekana kufumbua maandishi ya siri bila kupewa ufunguo? – Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na katika mstari wako Kiswahili chenyewe kinakusaidia. Usianze kwa kujiuliza kila herufi ina maana gani. Angalia kwanza miisho ya maneno. Rafiki yako ameacha nafasi kati ya neno na neno kama kawaida, na hilo ndilo kosa lake la kwanza, kwa sababu silabi za Kiswahili huishia kwenye irabu, na kwa hiyo karibu kila neno letu lina A, E, I, O au U mwishoni. Maneno yako kumi yanaishia kwa B, V, V, H, B, H, P, L, H na B. Ukiziondoa zilizojirudia unabaki na B, V, H, P na L. Ni tano, idadi ile ile ya irabu zetu, na umezipata kabla hujasoma hata neno moja.

Sasa hesabu kila moja imetokea mara ngapi katika mstari mzima, ambao una herufi 47. H imetokea mara 8, P mara 6, B mara 4, V na L mara 2 kila moja. Katika Kiswahili hakuna herufi inayotumika sana kuliko A: imo katika na, ya, wa, la na kwa, imo katika viambishi vya nafsi na vya wakati, na imo mwishoni mwa vitenzi vingi. Tukisie basi kwamba H ni A. Kutoka A hadi H ni hatua 7. Kama rafiki yako amesogeza kila herufi mbele kwa hatua hizo hizo 7, akitumia alfabeti ya herufi 26 pamoja na Q na X ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii, basi tukirudi nyuma hatua 7 tutaona kwamba P ni I, V ni O, L ni E, na B, baada ya kuzunguka na kupitia Z, ni U. Tazama kilichotokea: herufi zote tano tulizozishuku zimeangukia kwenye irabu, bila kukosa hata moja. Kisio la uongo lisingejipanga hivyo. RDH inakuwa kwa, DH inakuwa wa. Sitakuandikia yaliyobaki, kwa sababu raha ya kazi hii iko katika kuyatoa mwenyewe, ila nakushauri uyamalize leo na kisha umtafute huyo TDHSPTB, kwa maana ana kitu chako.

Njia ya kusogeza herufi ni ya kale; Julius Caesar aliitumia kwa hatua 3 kuandikia barua zake. Njia ya kuivunja kwa kuhesabu herufi tumeipata kwa Al-Kindi, mwanachuoni aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ambaye maelezo yake ndiyo ya kale zaidi yanayojulikana. Aliona kwamba kila lugha ina herufi inazozipenda, na kwamba kumbadilisha mtu kanzu hakumbadilishi mwendo. Na kwa kuwa tumefika Baghdad, niongeze jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka: neno letu sifuri limetoka katika Kiarabu sifr, na kutoka neno hilo hilo Waingereza na Wafaransa wakapata majina yao ya maandishi ya siri. Kila unapoandika 0 kwenye daftari la hesabu, unaandika ndugu wa neno linaloitaja sanaa hii.

Mwambie rafiki yako kwamba akitaka kukuhangaisha zaidi afute nafasi zote kati ya maneno na kuandika herufi tano tano, kama walivyofanya watumaji wa simu za maandishi za zamani. Miisho ya maneno ikipotea, nusu ya msaada niliokupa inapotea nayo.

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu babu yetu alifanya kazi bandarini Kilindini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alikuwa akisimulia kwamba katika shule moja hapa Mombasa walikaa Waingereza waliokuwa wakisoma siri za Wajapani. Sisi wajukuu tulidhani ni hadithi ya kutulaza. Je, ina ukweli? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waalaykum salaam. Babu yenu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema kweli, na ni haki yake jambo hili liandikwe kwa kirefu.

Idara ya Waingereza iliyokuwa ikinasa na kufumbua mawasiliano ya Wajapani ilianzishwa Hong Kong mwaka 1935. Vita vilipokaribia mwaka 1939 ilihamia Singapore, na Wajapani walipoisogelea Singapore ikahamishiwa Colombo mwanzoni mwa mwaka 1942. Huko nako haikudumu. Tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, ndege za Kijapani zilizorushwa kutoka kwenye meli za kubebea ndege ziliishambulia Colombo, na siku nne baadaye Waingereza wakapoteza meli yao ya kubebea ndege, Hermes. Amiri wao, James Somerville, aliona hawezi kuziacha meli zake katika maji yale, na sehemu kubwa ya kikosi ikarudi nyuma hadi Kilindini. Wafumbuzi wakaja nayo. Wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, lenye jina la yule tajiri wa Kihindi mwenye maduka pwani na bara, jengo linaloitazama bahari, nao wakaweka humo karatasi zao, kalamu zao na watu wao, wakiwemo wanawake wa jeshi la majini la Uingereza.

Hali haikuwa nyepesi. Mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika Mombasa yakiwa hafifu kuliko yalivyofika Colombo, na msimbo usiousikia vizuri huwezi kuufumbua, hata uwe na akili namna gani. Hata hivyo walifanya kazi, na ili msomaji aone ni kazi ya aina gani, nitauchukua msimbo mkuu wa jeshi la majini la Japani, ule ambao Wamarekani waliuita JN-25.

Msimbo huo ulikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kama kamusi: kila neno au fungu la maneno lilipewa namba ya tarakimu tano. Tuseme, kwa mfano wangu wa kubuni, kwamba neno manowari lilikuwa 25734. Cha pili kilijaa namba zisizo na mpangilio wowote, ambazo mtumaji alizijumlisha juu ya zile za kwanza, tarakimu kwa tarakimu, bila kubeba. Akichukua 48109, basi 2 na 4 ni 6. 5 na 8 ni 13, anaandika 3 na kuiacha ile 1. 7 na 1 ni 8. 3 na 0 ni 3. 4 na 9 ni 13, anaandika 3. Kinachorushwa hewani ni 63833. Neno lile lile kesho litakuwa namba nyingine kabisa, na kuhesabu herufi kama tulivyofanya na kijana wa Tanga hakutakufikisha popote.

Lakini Wajapani walikuwa na hofu moja ya haki. Redio hukoroma, tarakimu husikika vibaya, na afisa aliye baharini hawezi kuamua kwa kubahatisha kama ameamriwa kwenda kaskazini au kusini. Kwa hiyo wakatunga kanuni: kila namba katika kamusi yao lazima igawanyike kwa 3. Jaribuni 25734: 2, 5, 7, 3 na 4 ni 21, na 21 inagawanyika. Mpokeaji akishaondoa ile namba ya kujumlishia na kupata kitu kisichogawanyika kwa 3, anajua kuna kosa na anaomba kurudiwa. Ni ulinzi mzuri dhidi ya makosa, na ndio uliowafungulia maadui mlango. Mfumbuzi alipanga ujumbe kadhaa aliojua umetumia ukurasa ule ule wa kitabu cha pili, mmoja chini ya mwingine, akakisia namba iliyojumlishwa katika safu moja, akaiondoa katika ujumbe wote, kisha akagawa kwa 3. Akiwa na ujumbe mitano na majibu yote matano yakagawanyika, uwezekano kwamba ni bahati tupu ni 1 katika 243. Fikirini mtu amekaa katika joto la Mombasa, akiondoa, akigawa, akifuta, akianza upya, siku nzima, ili kupata safu moja tu ya namba.

Ushindi wao mkubwa Kilindini ulitokana na msimbo mwingine, JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Kwa muda mrefu waliudhania kuwa wa aina ile ile ya kujumlisha. Kisha, Septemba 1942, mtumaji mmoja wa Kijapani alituma taarifa ndefu ya meli akasahau kuweka mahali ilipokuwa. Badala ya kutuma nyongeza peke yake, aliiandika upya taarifa nzima, safari hii pamoja na mahali pa meli, na akaifunga kwa ufunguo ule ule. Wafumbuzi wawili, John MacInnes na Brian Townend, wakawa na ujumbe mmoja katika sura mbili zinazotofautiana mahali pamoja tu. Kwa kulinganisha mahali mambo yaliposogea, waliona kwamba hapakuwa na kujumlisha kokote: herufi zilibadilishwa kuwa jozi za tarakimu, kisha tarakimu zikapangwa katika safu na kuvurugwa mpangilio wake. Kufikia Novemba 1942 waliweza kusoma ujumbe wote wa nyuma, na kila mpya ulioingia waliusoma ulipofika. Meli za mizigo ndizo zilizobeba mafuta, mchele na risasi za jeshi la Japani, na aliyejua zilipo alijua mengi.

Mwaka 1943, hatari ilipopungua, idara ilirudi Colombo. Watu duniani wanapozungumzia kazi hii hutaja Bletchley Park kule Uingereza na mashine ya Enigma ya Wajerumani, na ni haki zitajwe. Lakini moyo wangu huumia kidogo ninapoona kijana wa Mombasa anajua habari za Bletchley Park na hajui kilichofanyika katika jengo analolipita akienda sokoni. Wahadithieni watoto wenu kama babu alivyowahadithia ninyi.

SWALI: Mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Kila siku nabonyeza *#06# na kupata namba ya utambulisho wa kifaa, IMEI, yenye tarakimu 15. Mwenzangu anasema tarakimu ya mwisho ni ya uongo, haina maana. Ni kweli? – Fundi, Mwanza

JIBU: Ndugu fundi, tarakimu 8 za kwanza zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata ni za kifaa hicho peke yake, na ile ya 15 kazi yake ni kuwachunga wenzake. Hupatikana kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeiombea hataza mwaka 1954, na kanuni hiyo ndiyo inayolinda pia namba iliyochapwa kwenye kadi ya benki.

Chukua namba fupi, 73926. Anza kulia: tarakimu ya mwisho izidishe kwa 2, inayofuata iache, inayofuata izidishe, na kuendelea hivyo. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake mbili. Hapa 6 inakuwa 12, yaani 3, 2 inabaki, 9 inakuwa 18, yaani 9, 3 inabaki, 7 inakuwa 14, yaani 5. Jumla ni 22. Ili kufika 30, jumla inayogawanyika kwa 10, zinahitajika 8, kwa hiyo namba kamili inaandikwa 739268. Sasa mtu akikosea akapindua 2 na 6, akaandika 739628, hesabu itatoa 35, ambayo haigawanyiki kwa 10, na mashine itakataa papo hapo. Kanuni hii hukamata kosa lolote la tarakimu moja na karibu mapinduzi yote ya tarakimu mbili jirani, isipokuwa 09 na 90 zikibadilishana nafasi, hizo humpita.

Mwambie mwenzako pia kwamba tarakimu hiyo haifichi kitu. Mwizi anaweza kuihesabu kama ulivyoihesabu wewe. Ni mlinzi dhidi ya kidole kilichoteleza, si dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Namba zetu za kupigia simu hazina mlinzi wa namna hiyo, na mwaka jana nilituma pesa za fundi bomba kwa mtu nisiyemjua kwa sababu ya tarakimu moja. Nilizipata baada ya siku nyingi za kuomba na kufuatilia. Ndiyo maana huduma nyingi za pesa kwa simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Lisome jina hilo kila mara, hata ukiwa na haraka.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 17. Usiku kucha yuko kwenye kompyuta, na juzi ameniambia anataka kuwa mdukuzi. Nimeogopa sana. Mdukuzi si mwizi? Nimzuie? – Mama, Dodoma

JIBU: Pole, mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kuchukua hatua. Hofu yako inatokana kwa sehemu na neno lenyewe. Kudukua, kama ndugu yake kudukiza, ni kuingilia yaliyofichwa ya watu wengine, na kwa hiyo Kiswahili kimekwisha kumhukumu mtu huyu kabla hajafanya kitu. Neno la Kiingereza tulilolitafsiri, hacker, lilizaliwa na sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kulikuwa na chama cha wanafunzi waliotengeneza reli na treni ndogo za kuchezea. Baadhi yao walivutwa zaidi na nyaya zilizokuwa chini ya meza kuliko treni zilizokuwa juu yake, wakaunganisha mitambo ya simu iliyotumika ili kuongoza treni hizo, na kila ufundi wa werevu waliupa jina ambalo sasa dunia nzima inalijua, hack. Chuo kilipopata kompyuta ambazo wangeweza kuzigusa, walihamia huko na tabia yao ile ile: kufungua kitu ili kuona kinavyofanya kazi.

Tabia hiyo ina upande wa pili, na sitakuficha. Kulikuwa na mtoto wa Kimarekani asiyeona, Joe Engressia, mwenye sikio kali la muziki, ambaye akiwa mdogo aligundua kwamba akipiga mluzi wa sauti fulani katika simu, laini ya masafa marefu inakatika. Sauti hiyo ilikuwa ya mitetemo 2600 kwa sekunde, na ndiyo ambayo mitambo ya kampuni ya simu iliitumia kuambiana kwamba laini iko wazi. Amri za mtambo na mazungumzo ya watu vilipita katika waya mmoja, na mtambo haukuweza kutofautisha mwenzake na mtoto anayepiga mluzi. Wengine wakaja kugundua kwamba kipenga cha plastiki kilichowekwa zawadi katika maboksi ya nafaka ya Cap'n Crunch kilitoa sauti hiyo hiyo. Steve Wozniak na Steve Jobs, kabla ya kuanzisha Apple mwaka 1976, walitengeneza na kuuza visanduku vya kuidanganya mitambo hiyo. Wengi walianza kwa udadisi tu, lakini kupiga simu bila kulipa ulikuwa ni wizi, na wapo waliofungwa.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanao si kama anapenda kufungua vitu, bali anafungua vya nani na kwa ruhusa ya nani. Kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini ni kosa la jinai hapa Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kusema nilikuwa najaribu tu hakumwokoi mtu. Lakini kuna watu wanaolipwa na benki na kampuni ili wajaribu kuvunja mifumo yao kwa mkataba, na kuna kampuni zinazomzawadia anayezionyesha tundu kabla mwizi hajaliona. Mwelekeze huko. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina mashindano yaitwayo picoCTF, yaliyoanza mwaka 2013 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na hayana malipo. Humo atapata mafumbo ya siri na mifumo iliyowekwa makusudi ili ivunjwe, pasipo kumdhuru mtu.

Usimzuie, mama. Kaa naye jioni moja, mwambie akuonyeshe anachokifanya, umwulize maswali mpaka uelewe. Kijana anayemwonyesha mama yake kazi yake hana la kuficha, na asipotaka kukuonyesha, basi hapo ndipo uwe na wasiwasi. Na alale, akili iliyochoka haifumbui kitu.

SWALI: Familia yetu iko nusu Pemba na nusu hapa Maskati, nasi tuna kundi la WhatsApp. Je, kuna mtu anayeweza kusoma tunayoandikiana? – Msomaji, Maskati

JIBU: Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa katika simu ya mtumaji na kufunguliwa katika simu ya mpokeaji, na anayeunasa njiani hupata tarakimu zisizo na maana kwake. Ukifungua taarifa za ndugu yako katika programu hiyo utaona namba ya usalama yenye tarakimu 60; msomeane kwa sauti, na zikilingana mna hakika kwamba hakuna aliyejipenyeza katikati yenu.

Wezi wanalijua hilo, na kwa hiyo hawahangaiki na kufuli. Wanakupigia, wanajifanya jamaa au wahudumu, na kukuomba namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu yako muda huo huo, wakidai imetumwa kwako kwa makosa. Ukiwapa, akaunti yako inahamia kwao, na dakika hiyo hiyo wanaanza kuwaomba shangazi zako pesa kwa jina lako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio, na uwaambie wazee wa familia, kwa simu ya sauti na si kwa maandishi, kwamba namba hiyo haombwi na mtu mwema yeyote.

SWALI: Tulipokuwa wadogo Unguja, dada zetu walisema kinyume ili sisi tusiwaelewe. Nayo ni maandishi ya siri, au ni mchezo tu? – Msomaji, Mji Mkongwe

JIBU: Ni mchezo, na ni msimbo kamili. Katika kinyume cha kawaida silabi ya mwisho hupelekwa mwanzoni: nyumba inakuwa mbanyu, kitabu kinakuwa bukita, na nataka kwenda inasikika kanata ndakwe. Mchezo huu ni wa zamani. Askofu Edward Steere, aliyekusanya hadithi za Unguja katika karne ya 19, aliutaja. Kijana wa Tanga alipambana na msimbo unaobadilisha herufi na kuziacha mahali pake. Kinyume hufanya upande wa pili, kinaziacha silabi kama zilivyo na kuzihamisha. JN-40 ya Wajapani ilifanya yote mawili, ikibadilisha kwanza na kuhamisha baadaye, na ndiyo sababu iliwachelewesha watu hodari. Dada zenu, wakizungumza kwa kasi uani, walikuwa na faida ambayo mtu wa karatasi hana: msikilizaji hapati nafasi ya kurudi nyuma.

Kwa heshima yao nimetunga ujumbe mmoja kwa namna hizo mbili. Nimeuweka kwanza katika kinyume, kisha nimesogeza kila herufi mbele kwa hatua ambazo sizitaji, katika alfabeti ya herufi 26, na mwisho nimefuta nafasi na kuandika herufi tano tano:

EXMLN ROLQL FKLBD NDPNH

Ni herufi 20 tu, na katika ujumbe mfupi hivi herufi inayojitokeza zaidi huenda isiwe A, kwa hiyo msiikimbilie. Majibu yatumwe kabla ya tarehe 20, pamoja na maelezo ya njia mliyopitia, kwa kuwa nitachapisha njia na si jibu peke yake.